Siku ya Kuwakumbuka Waliokufa Vitani

Mtu akisimama Irente, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto, na ukungu ukiwa umeondoka, huona chini yake Mazinde, na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke, na mashamba ya mkonge, na njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi mawili yalipita katika tambarare ile. La kwanza lilikuwa la Wajerumani, nalo lilikuwa likirudi nyuma. La pili lilikuwa la Waingereza, nalo lilikuwa likilifuata. Siku zile Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wa Wajerumani, na katika mwezi ule ule Waingereza wakaingia mjini. Wakuu wa pande zote mbili wameandikwa vitabuni. Lakini nyuma ya kila askari palikuwa na watu wenye mizigo vichwani, na majina ya watu hao hayakuandikwa mahali popote, au yaliandikwa kisha yakapotea.

Twaanza na habari hiyo kwa kusudi. Kila mwaka tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa katika Tanzania, na wanafunzi huuliza maswali mazuri juu yake. Kwa nini watu husimama kimya? Kwa nini huwekwa mkuki na ngao, na hali vita vilipiganwa kwa bunduki na mizinga? Na sisi wa milimani, tulio mbali na Dar es Salaam na Dodoma, siku hii yatuhusu nini? Tutajaribu kueleza asili ya desturi hizi, na mwisho tutarudi kwa wale watu wa mizigo.

Desturi ya kuwa na siku moja ya kuwakumbuka waliokufa vitani ilianza baada ya Vita Kuu ya kwanza, iliyopiganwa kutoka mwaka 1914 hata mwaka 1918. Zamani mataifa yalisherehekea ushindi, na mfalme aliyeshinda alijengewa mnara. Lakini vita vile viliua mamilioni ya watu, na wengi wao hawakuonekana hata miili yao ikazikwa. Mama hakuwa na kaburi la kwenda kulilia. Basi vita vilipokoma katika Ulaya, saa tano ya asubuhi, siku ya kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1918, watu hawakutaka kushangilia tu. Walitaka pia mahali pa kulia, na saa ya kulia.

Kule kunyamaza kulitoka katika bara letu la Afrika. Katika mji wa Cape Town, mwaka 1918, vita vikiwa bado havijaisha, mzinga ulikuwa ukipigwa kila siku saa sita ya mchana, na watu wote mjini wakasimama kimya: magari yakasimama, wachuuzi wakaacha kuita, kila mtu pale alipo. Bwana mmoja wa huko, Sir Percy FitzPatrick, ambaye mwanawe aliuawa vitani mwaka 1917, akapeleka shauri hilo Uingereza. Mfalme George wa Tano akalikubali, na tarehe 11 Novemba 1919 watu wa dola yake wakanyamaza kwa dakika mbili. Husemwa kwamba dakika ya kwanza ni ya kuwashukuru waliorudi, na ya pili ni ya waliokufa. Mwaka uliofuata mwili wa askari mmoja asiyejulikana jina ukazikwa London, katika kanisa wanamozikwa wafalme, ili kila mzazi aliyepotewa na mwana apate kusema, huenda ni wangu. Ua jekundu la popi, ambalo Waingereza hulivaa kifuani mwezi wa Novemba, lilichaguliwa kwa sababu huota kwa wingi katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyochimbuliwa na mizinga. Huku kwetu ua hilo halikushika mizizi sana, wala si ajabu, kwani halioti katika mabonde waliyofia watu wetu.

Jambo moja lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Saa ile tano ya Ulaya ilikuwa kwetu kama saa nane ya mchana, na saa hiyo vita vya huku havikuwa vimekoma. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari wake katika nchi iitwayo sasa Zambia, akiendelea kupigana, kwa kuwa habari hazikuwa zimemfikia. Zilimfikia siku mbili tatu baadaye, karibu na mto Chambeshi. Akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 katika mji wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, na wapagazi na watu wengine pamoja nao. Kwa hiyo siku ya kumi na moja ilikuwa siku ya Ulaya. Huku kwetu watu walizidi kubeba mizigo na kufa baada ya kengele za makanisa ya London kulia kwa furaha.

Na vita hivyo vilianzaje huku? Vilifika karibu sana na milima yetu. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza, jina lake Fox, ilifika Tanga ikiongoza merikebu zilizochukua askari wapatao 8,000, wengi wao wametoka Bara Hindi. Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao waliletwa upesi kutoka Moshi kwa gari la moshi, kwa reli hii hii ipitayo Mombo na Korogwe. Vita vikali vilikuwa tarehe 3 na 4, katika minazi na vichaka vya pale mjini, na tarehe 5 Waingereza wakarudi merikebuni wameshindwa. Watu wao 360 hivi walikufa. Upande wa pili walikufa Wazungu 16 na askari Waafrika 55. Risasi ziliichokoza mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nao nyuki wakatoka na kuwauma watu bila kuuliza ni wa jeshi gani. Nasi twaweza kusema kwamba siku ile mizinga ya nyuki ilifanya kazi kubwa kuliko mizinga ya manowari. Watoto hucheka wakisikia hadithi hii, nasi hatuwakatazi. Lakini makaburi na kumbukumbu za vita ziko Tanga hata leo, na mwenye kwenda mjini aweza kuzizuru.

Baada ya hapo nchi yetu ilikaa kama imefungiwa ndani, kwa sababu manowari za Waingereza zililinda pwani. Dawa ya homa ikawa haba, na wataalamu wa Amani, katika Usambara ya mashariki, wakatengeneza kwinini kwa magome ya miti waliyoipanda wenyewe. Kutoka Mombo kwenda Handeni ikajengwa njia ndogo ya reli, na vigari vyake vilisukumwa kwa mikono ya watu. Hayo yote yalihitaji kazi za wenyeji, na kazi ilikuwa kwa amri. Ndipo mwaka 1916 jeshi la Jemadari Smuts likaja kutoka Kilimanjaro likifuata reli na mto Pangani, tukafika pale tulipoanza, yaani siku za Juni.

Sasa tuseme habari za mizigo, kwani hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu, wakiuawa na ugonjwa wa mbung'o. Magari yalikuwa machache, na mvua iliyageuza barabara kuwa matope. Ikabaki kichwa cha mtu. Basi na tufanye hesabu ndogo, kama ya darasani. Mpagazi amechukua ratili 50 za unga. Kila siku yeye mwenyewe hula ratili 2. Akienda safari ya siku 12, na kurudi siku 12, atakuwa amekula ratili 48. Mpaka afike na kurudi, askari aliyeko mbele amepata ratili 2 tu kwa mzigo ule wote. Kwa hiyo jeshi lilipozidi kwenda kusini, mpaka Rufiji na ng'ambo yake, ilipasa kuwa na wapagazi wa kulisha askari, na wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na wengine nyuma yao tena. Hivyo ndivyo hesabu ya watu ilivyopanda, hata Waingereza peke yao wakaandika wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Wajerumani nao walikuwa na wao, wengi wao wakichukuliwa vijijini bila mkataba na bila daftari.

Watu hawa hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, na kwa kichomi. Aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na pengine hakupewa sufuria wala muda wa kuupika. Mtu wa milimani, ambaye kwao mbu ni wachache, alishushwa katika mabonde ya homa. Mtu wa joto alilala katika mvua ya nyanda za juu na blanketi moja. Katika hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wao. Wengi wanaozichunguza hesabu hizo husema ni ndogo kuliko kweli, kwa kuwa mtu aliyetoroka akafia njiani aliandikwa kuwa ametoroka, basi.

Katika mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya vita. Sheria yake ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa apewe heshima sawasawa, mkubwa na mdogo, na jina lake liandikwe juu ya kaburi au juu ya ukuta. Lakini katika Afrika Mashariki sheria hiyo haikufuatwa. Iliamuliwa kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudiwe na pori, na badala yake yajengwe masanamu katika miji mitatu, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka 1927. Ni Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, nayo imesimama pale ilipokuwa zamani sanamu ya von Wissmann, gavana wa Wajerumani. Askari ameshika bunduki, na singe yake imeelekea bandarini. Wapitao kwa haraka humwona yeye tu. Mwenye kusimama akatazama chini, ubavuni mwa jiwe, atawaona na wapagazi wamechongwa wadogo wadogo, na mizigo yao. Katika Nairobi wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno ya kuwasifu yameandikwa. Majina hayakuandikwa.

Dar es Salaam ina ukumbusho mwingine ambao haukuamriwa na mtu. Waingereza walipouingia mji ule mwaka 1916 waliweka kambi ya wapagazi mahali ambapo leo pana soko kubwa. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo watu wetu walilitamka Kariakoo. Kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua kitambaa amewataja wapagazi, ajue au asijue.

Askari nao hawakuwa na bahati sawa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee wa jeshi la zamani la Wajerumani ujira uliobaki. Husimuliwa kwamba wengi walikuja bila cheti, kwa kuwa vyeti vimepotea au vimeliwa na mchwa; ndipo mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye kama amebeba bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Hadithi hii hupendwa na kila anayeisikia. Sisi tulipoisikia mara ya kwanza tulicheka, halafu tukajiuliza, na mpagazi je? Angeonyesha nini? Kubeba mzigo hakuna amri ya Kijerumani wala ya Kiingereza inayokutambulisha.

Vita Kuu ya pili, tangu mwaka 1939 hata 1945, viliwachukua vijana wa Tanganyika mbali zaidi. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, na Madagaska mwaka 1942, kisha wakavuka bahari mpaka Burma, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na kuufikia mto Chindwin mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944 merikebu Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na kati yao walikuwa wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao nao hawana makaburi. Bali safari hii majina yao yaliandikwa. Vita vilipokwisha Waingereza waliunganisha ukumbusho wa vita vyote viwili, wakauweka Jumapili ya pili ya Novemba, na hivyo ulivyo kwao hata leo.

Nchi yetu ilipopata uhuru iliichukua desturi hii ikaifanya yake. Baragumu limebaki: kwanza hupigwa ule mwito wa usiku, ambao kambini humwambia askari kwamba kazi ya leo imekwisha, alale, baada ya kimya hupigwa mwito wa alfajiri, wa kumwamsha. Mwenye kujua maana hiyo hasikii tarumbeta tu. Viongozi wa dini huomba, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa njia yake. Lakini mahali pa mashada peke yake zimewekwa silaha za wazee. Rais wa Jamhuri huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya wa jiji huweka upinde na mishale. Na mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani huweka shoka. Sherehe hii kwa miaka mingi ilikuwa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na tangu mwaka 2016 imefanywa Dodoma pia. Twaona silaha hizo zimechaguliwa vizuri. Bunduki ililetwa na wageni, na mara nyingi ilipigwa kwa ugomvi wa wageni. Mkuki na shoka zilikuwamo nyumbani mwa babu wa kila mtu, na mtoto wa Mlalo au Bumbuli akiziona hahitaji kuelezwa ni za nani.

Wanaokumbukwa siku hiyo si wa vita vya zamani tu. Wengi zaidi kwa watu walio hai ni wale wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mamia ya wanajeshi wetu wamezikwa Kaboya, katika mkoa wa Kagera, kila mmoja na kaburi lake na jina lake. Wako pia waliotumwa kulinda amani katika nchi za jirani, kama wale wasiopungua 14 waliouawa Semuliki, Kongo, mwezi wa Desemba 2017. Ukilinganisha Kaboya na njia ya kwenda Rufiji utaona tofauti iliyopo baina ya taifa linalozika watu wake na dola inayotumia watu wa wengine.

Mwaka 2021 ile tume ya makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ikakiri kosa lake na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho mpya ulifunguliwa Cape Town, wa wafanyakazi weusi wa jeshi kutoka Afrika Kusini waliokufa katika vita ile ya kwanza: miti ya mbao imesimamishwa bustanini, na kila mti una jina la mtu mmoja. Majina yale, zaidi ya 1,700, yalipatikana kwa kuwa mahali fulani palikuwa na mtu aliyeandika.

Kwetu walioandika walikuwa wachache, na daftari nyingi hazipo. Lakini nyumbani mwa watu mna habari. Katika Usambara, kama katika nchi nyingine, mtu aliyefia mbali hukaa vibaya katika ukoo mpaka atajwe. Jina lake hupewa mjukuu, na mjukuu huulizwa wewe u jina la nani. Wale waliowaona wapagazi kwa macho wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao ndio wazee wa leo, nao wameyasikia majina jikoni, wakiota moto.

Mwanafunzi anayesoma kijitabu hiki aweza kuanza kabla ya tarehe 25 Julai ijayo. Na atwae daftari, amwendee babu au bibi kwa adabu, aandike mambo haya: jina la aliyekwenda na jina la babake, kijiji alichotoka, alichukuliwa na Wadachi au na Waingereza, alikwenda na nani, alirudi au hakurudi, na nani aliyeisimulia habari hiyo. Aandike maneno kama yalivyosemwa, Kishambaa ikiwa yamesemwa kwa Kishambaa, asiyatengeneze. Nakala moja ikae nyumbani na nyingine ikae shuleni. Na mzee akisema mwaka haujui, asimsumbue kwa tarehe. Amwulize tu kama ilikuwa kabla ya mtoto fulani kuzaliwa au baada yake, kabla ya njaa au baada yake, kisha aandike hivyo.